Mapacha wa Dar es Salaam watusaidie kujua kwa nini mtoto hasomi: barua ya wazi kwa viongozi wa elimu na utafiti

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Na wakuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Waheshimiwa,

Nafundisha Darasa la Pili katika shule ya msingi ya serikali upande wa Temeke. Kila muhula tukijaza ripoti za wanafunzi kuna maneno mawili ambayo walimu tumeyazoea mno: "uwezo mdogo". Mzazi akiisoma ripoti hiyo huuliza, "Sasa mwalimu, huyu kamfuata nani?" Papo hapo ukoo mzima unaanza kuorodheshwa. Baba yake aliishia la saba, shangazi yake naye alikuwa hivyohivyo, mjomba hesabu zilimpiga chenga mpaka leo. Mtoto wa miaka 8 amesimama pale pembeni, mkoba mgongoni, anasikiliza.

Nawaandikia kuomba jambo moja. Nchi yetu ifanye utafiti wake yenyewe, uanzie hapa Dar es Salaam, wa kuchunguza ni kiasi gani tofauti za watoto katika kusoma na kuhesabu zinatokana na urithi, na ni kiasi gani zinatokana na nyumba, mtaa, afya na darasa. Bila utafiti huo tutaendelea kuwahukumu watoto kwa kubahatisha. Wapo watakaosema ni damu, wapo watakaosema ni umaskini, na hakuna kati yao aliyepima.

Njia ya kuanzia tunayo, nayo ni mapacha. Ni nadra kukuta shule ya msingi katika jiji hili isiyokuwa na Kulwa na Doto wake.

Wataalamu wanajua hesabu yake, lakini naieleza kwa ajili ya wazazi na walimu watakaosoma barua hii. Mapacha waliotokana na yai moja lililogawanyika wana vinasaba, yaani chembe za urithi, vilevile. Mapacha wa mayai mawili wanafanana kwa wastani nusu ya vinasaba vinavyomtofautisha mtu na mtu, sawa na ndugu wengine wowote wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini wote, wa yai moja na wa mayai mawili, wamekaa tumbo moja kwa wakati mmoja, wanakula chungu kimoja, wanalala chumba kimoja, na mara nyingi sare zao zimeshonwa na fundi mmoja. Sasa wapime kusoma. Ikiwa alama za mapacha wa yai moja zinakaribiana kuliko za wale wa mayai mawili, urithi una mkono wake. Ikiwa makundi yote mawili yanakaribiana kwa kiasi kilekile, basi nyumba na shule ndizo zenye neno kubwa. Na ikiwa watoto wawili wenye vinasaba vilevile wameachana mbali, kuna kitu kimempata mmoja na hakikumpata mwenzake: homa kali ya utotoni, sikio linalotoa usaha, mwalimu tofauti, au hata njaa ya siku ile ya mtihani.

Wenzetu wamefanya kazi hii kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, mradi ulioasisiwa na Robert Plomin umefuatilia maelfu ya familia za mapacha waliozaliwa England na Wales kati ya 1994 na 1996, tangu wakiwa wachanga mpaka utu uzima. Walipopimwa kusoma na hesabu wakiwa na miaka 7, 9 na 12, karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mtoto na mtoto ilielezwa na urithi. Nchini Marekani, Stephen Petrill na wenzake wamefuatilia mapacha wa Ohio tangu madarasa ya mwanzo, nao wameona mchango wa nyumba waziwazi, hasa katika stadi za awali kama kuzitambua herufi.

Naomba niseme wazi juu ya hiyo theluthi mbili, kwa sababu ni namba inayosomwa vibaya kwa urahisi. Haisemi kwamba katika alama 60 za mtoto, 40 zimetoka kwa baba na mama. Haimzungumzii mtoto mmoja hata kidogo. Inazungumzia tofauti zilizoonekana kati ya watoto wa mahali pale, katika miaka ile, waliosoma katika shule zinazofuata mtaala mmoja wa taifa na zinazokaguliwa kwa kipimo kimoja. Shule zikisogeleana kwa ubora, sehemu kubwa ya kinachobaki kuwatofautisha watoto ni walivyozaliwa. Kwa hiyo namba kubwa ya urithi inaweza kuwa ishara kwamba shule za mahali fulani zimewatendea watoto kwa usawa. Haithibitishi kwamba kufundisha ni kazi bure.

Ushahidi wa hilo upo. Brian Byrne, Richard Olson, Stefan Samuelsson na wenzao walifuatilia mapacha wa Australia, wa jimbo la Colorado kule Marekani, na wa Norway na Sweden. Watoto wa Norway na Sweden walipopimwa wakiwa chekechea walikuwa hawajaanza kufundishwa kusoma rasmi, na kwao urithi ulieleza sehemu ndogo kuliko kwa watoto wa Australia, ambao walikuwa wameshaanza. Mwaka mmoja baadaye, baada ya darasa la kwanza, pengo hilo lilikuwa limefutika. Vinasaba vya watoto wale havikubadilika ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wamefundishwa.

Kisha kuna utafiti wa Florida, ambao kama mwalimu siwezi kuupita haraka. Jeanette Taylor na wenzake waliuchapisha mwaka 2010 katika jarida la Science. Walichukua mapacha wa darasa la kwanza na la pili, wakaangalia ni kwa kiasi gani kila mwalimu analisogeza darasa lake zima katika kusoma. Penye mwalimu hodari, tofauti za kurithi zilijitokeza kwa ukubwa, kila mtoto akafika pale uwezo wake ulipompeleka. Penye mwalimu dhaifu tofauti hizo zilibanwa. Mtoto aliyezaliwa na kipaji na yule asiyekuwa nacho walikaribiana, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kukua. Nikilitazama darasa langu, ambalo wengine wanaandikia mapajani na daftari 90 zinasahihishwa na mtu mmoja, najiuliza ni vipaji vingapi vimebanwa hivyo bila sisi kuviona.

Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa watoto wa Marekani wenye miaka 7. Katika familia maskini, takriban asilimia 60 ya tofauti za alama za vipimo vya akili ilielezwa na mazingira ya nyumbani, na urithi ukawa karibu na sifuri. Katika familia zenye uwezo ilikuwa kinyume. Lakini hali hiyo haikuonekana Ulaya Magharibi wala Australia pale tafiti zao zilipokusanywa pamoja baadaye. Kama nchi tajiri zenyewe kwa zenyewe zinatoa majibu tofauti, sisi tutachukua jibu la nani?

Jiji letu lilikuwa na watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022, na ndani yake zimo hali hizo zote. Yupo mtoto wa Masaki anayesomewa hadithi na mama yake kabla ya kulala, na yupo wa Mbagala anayeingia zamu ya mchana, amekwisha chota maji na kumbeba mdogo wake tangu alfajiri. Tukiwapima wote kwa karatasi moja kisha tukatafsiri majibu kwa namba za England, tutakuwa tumewadhulumu.

Lugha nayo ina mambo yake. Tafiti nyingi za kusoma zimefanywa kwa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake inawatesa hata wenyewe. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishaiva katika ba, be, bi, bo, bu, anaweza kulitamka hata neno ambalo hajawahi kulisikia. Katika lugha za namna hii, kama Kitaliano na Kijerumani, mtoto mwenye tatizo la kusoma mara nyingi hutamka sawasawa lakini polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Mwalimu anayesikiliza usahihi peke yake atampa vema, na tatizo lake litajulikana Darasa la Nne, akiwa ameshachelewa. Kwa hiyo tukipima mapacha wetu, tupime na mwendo wa kusoma, tupime na kuelewa.

Nina mapacha wawili darasani mwangu mwaka huu, wavulana. Wanafanana mpaka walimu wenzangu huwatambua kwa kovu alilonalo mmoja kidevuni. Wa kwanza anasoma vizuri, kidole chini ya mstari, bila kusimama. Wa pili, yule mwenye kovu, anasoma silabi kwa silabi, na mstari wa tatu ukifika ameanza kubahatisha kwa kutazama picha. Lakini huyuhuyu mama yake akimtuma gengeni na noti ya 2,000, achukue nyanya za 500, kitunguu cha 200 na mafuta ya kupima ya 700, anarudi na 600 mkononi na anaweza kukueleza kila shilingi ilikoenda. Nikiandika hesabu ya kutoa kwa kukopa ubaoni, analowa jasho.

Nilipozungumza na mama yao, ambaye ni mama lishe, aliniambia kwamba tuisheni ya jioni ni shilingi 500 kwa siku kwa kila mtoto, na anamudu mmoja. Alimchagua yule aliyeonekana "ana kichwa". Mwingine hubaki kumsaidia mama, ndiye anayetumwa gengeni. Sasa nani atanieleza? Mtoto huyu hasomi kwa sababu ya alivyozaliwa, au kwa sababu tulimwona mapema kuwa si msomaji na tukampangia kazi nyingine? Anajua hesabu za gengeni kwa kipaji, au kwa mazoezi ya kila jioni? Nikiwatazama wawili peke yao siwezi kujibu. Nikiwa na jozi elfu moja za aina zote mbili, zimepimwa kwa kipimo kimoja mwaka hadi mwaka, na maswali kama ya tuisheni na kazi za nyumbani yakaulizwa sawasawa, jibu linaanza kuonekana.

Hatuanzii sifuri. Karibu na hapa, Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kukabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini haukubaki ulivyokuwa. Matokeo yalichapishwa 2002. Mwaka huohuo Matthew Jukes na wenzake walichapisha utafiti mwingine uliohusisha kichocho kikali na kumbukumbu dhaifu ya muda mfupi kwa wanafunzi wa Tanzania. Watu wa Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walipopima mwaka 2011 walikuta watoto 3 tu kati ya 10 wa Darasa la Tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili. Na nchi hii imeshaendesha utafiti mkubwa katika shule 350 za wilaya 10, ambao ulionyesha kwamba kupeleka ruzuku peke yake shuleni hakukuinua alama, ila ruzuku ikiunganishwa na motisha kwa walimu alama zilipanda. Uwezo wa kupima kwa upana tunao. Kilichokosekana ni kupima kwa namna inayoweza kutenganisha urithi na malezi.

Kwa upande wa sayansi ya vinasaba, Muhimbili si wageni. Tangu 2004 wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wamekuwa wakisajiliwa na kufuatiliwa pale kwa maelfu, kazi ambayo Profesa Julie Makani ameijengea jina duniani. Wapo hapa hapa jijini wanaojua kuchukua sampuli, kuihifadhi, kuomba idhini ya mzazi na kumlinda mgonjwa.

Hapo nafika kwenye hofu ya wazazi, na naomba msiipuuze. Mjini hapa, ukitaja kipimo cha vinasaba, mtu anafikiria Mkemia Mkuu na kesi ya "mtoto si wangu". Watafiti wakija shuleni kwangu kesho na vichupa vya mate, keshokutwa nusu ya akina baba watakuwa mlangoni kwa mkuu wa shule, na wengine wataamua kuwahamisha watoto. Kwa bahati nzuri hatua ya kwanza haihitaji mate ya mtu yeyote. Dodoso fupi kwa mzazi kuhusu kufanana kwa watoto, yaani macho, nywele, meno, kama ndugu wa karibu huwachanganya, huwatambua mapacha wa yai moja kwa usahihi wa takriban asilimia 95. Tuanze na hilo. Likija kuhitajika lile la maabara, liwe kwa idhini ya maandishi, lifuate Sheria ya mwaka 2009 ya vinasaba vya binadamu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba majibu hayatatumika kamwe kuamua nani ni baba wa nani.

Naomba pia mkae macho kwa jambo ambalo naamini litatufikia. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulitumia vinasaba vya watu milioni 3 wenye asili ya Ulaya na kutengeneza kipimo kinachoeleza asilimia 12 hadi 16 ya tofauti za kiwango cha elimu kati ya watu wa asili hiyohiyo. Kwa watu wenye asili ya Afrika vipimo vya namna hiyo hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, kwa sababu vilijengwa bila sisi. Siku atakapokuja mfanyabiashara kuwauzia wazazi wa Dar es Salaam kipimo cha kuonyesha mtoto gani ana akili ya hesabu, au kuwashawishi wenye shule kuwachuja watoto kwa mate, mkatazeni. Nalisema hili nikiwa mtetezi wa utafiti huu, kwa kuwa ninachokitetea ni kuelewa watoto kwa wingi wao, na mtoto mmojammoja aendelee kufundishwa kwa kile anachoonyesha daftarini.

Nina angalizo moja kwa watafiti wenyewe. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya siku zao na wakiwa wadogo kwa uzito, na hilo peke yake linaweza kugusa kujifunza. Kadi za kliniki zina uzito wa kuzaliwa, ziulizwe. Na wachukuliwe pia kaka na dada zao waliozaliwa peke yao, pamoja na wanafunzi wenzao wa dawati moja, ili tusije tukasema habari za watoto wote kwa kuwatazama mapacha tu.

Ninachowaomba hasa hakina gharama kubwa mwanzoni. Fomu ya uandikishaji ya Darasa la Kwanza katika manispaa na jiji la mkoa huu iongezwe swali moja: je, mtoto ni pacha, na pacha mwenzake anasoma wapi? Shule ziandike pia kama mapacha wamewekwa mkondo mmoja au wametenganishwa, kwa sababu leo kila mkuu wa shule anaamua anavyoona na hakuna anayejua kipi kina faida. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM, yaani namba yake ya utambulisho, kwa hiyo matokeo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya Darasa la Pili na ya upimaji wa Darasa la Nne yanaweza kuunganishwa bila jina la mtoto kuonekana kwa mtafiti. COSTECH itenge fedha kwa timu ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Muhimbili, walimu wa madarasa ya awali tuwemo ndani yake tangu maswali yanapoandikwa, na kila baada ya mwaka matokeo yarudi shuleni kwa Kiswahili. Tumechoka kusomwa na ripoti zisizorudi.

Na wakati utafiti ukiandaliwa, TAMISEMI ituandikie waraka sisi walimu tuache kuandika "uwezo mdogo" kwenye ripoti ya mtoto wa Darasa la Kwanza na la Pili. Tuandike anachoweza na asichoweza bado: anasoma silabi, hajaunganisha maneno, anajumlisha, hajaweza kutoa kwa kukopa. Mzazi anaweza kufanyia kazi maneno hayo jioni ileile. Macho na masikio ya mtoto asiyesoma yapimwe kwanza, kabla ya kutafuta kosa kwenye ukoo wake.

Uandikishaji wa Darasa la Kwanza huanza Oktoba. Naomba swali hilo la mapacha liwemo kwenye fomu za mwaka huu. Mimi niko tayari kukaa na kamati yoyote mtakayoiunda, Jumamosi au baada ya zamu ya mchana, kusaidia kuliandika vizuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Darasa la Pili, Temeke, Dar es Salaam